Kitenzi chenye Kulabu

Alikuja Jumanne, Bi Hilda Blenkin, na tope la Skerneby viatuni,
futi ya kupimia imejikunja ndani ya pochi
kama mkia wa panya.
"Andika," akaniambia kabla hajaketi,
"andika kwamba Garbutt ana..."
Akakwama. Alitaka neno lisilo na vishindo.

Mimi karani tu wa wakili Tranmer.
Kazi yangu kupiga chapa, kulamba stempu,
na kuwatafutia wenye hasira vitenzi vya kwenda navyo mahakamani.

Kuvamia? Akatikisa kichwa.
Anayevamia huvunja mlango;
Garbutt hubisha hodi kila Krismasi na keki ya tangawizi.
Kuiba? Mwizi huondoka na kitu.
Huyu hukileta kwake bila kukiondoa kilipo.

Nikafungua kamusi, ile iliyopasuka mgongo.
Pale, baada ya kutia moyo na kabla ya kuganda,
limejibanza: encroach.
Lilizaliwa Ufaransa ya kale na kulabu tumboni,
chuma cha kunasa na kuvuta.
Kulabu imelika kwa miaka. Siku hizi neno linatembea na soksi.

Vitenzi vingine hukamata: unakula mkate, unampiga mtu.
Hili haligusi kitu kwa mkono wake.
Lazima kwanza likanyage kihusishi kidogo, juu ya,
kama mgeni anayeweka mguu mmoja kizingitini
akiuliza hali ya watoto.
Halitendeki kwa dakika moja.
Hakuna jemadari aliyewahi kulipazia sauti.
"Jana" hulikosesha raha; hupenda "kila mwaka",
hupenda "tayari".
Ukungu hulitumia. Kutu hulitumia. Uzee...
"Na Garbutt," akasema Bi Blenkin. "Piga chapa."

Nikapiga: ua wa waya, nguzo za lami,
hatua moja kila majira ya kuchipua,
miaka kumi na tisa juu ya malisho ya mteja wetu.
Bandu bandu, na gogo halikuwa na mlinzi.

Alhamisi nikatumwa kupima.
Garbutt hakukana. Alinipa chai,
akanihesabia bustani yake kwa miguu, mbele yangu,
midomo ikitikisika: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini.
"Baba alinunua arobaini. Arobaini ndizo hizi."
Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba.

Hapakuwa na nyuma.
Udongo mwekundu umekatwa kama keki,
mzizi wa mpeasi unaning'inia hewani ukitafuta mpeasi,
na chini kabisa bahari, rangi ya chai niliyotoka kunywa,
inatafuna bila haraka.
"Banda la kuku lilikwenda kwanza," akasema.
"Halafu kaburi la mbwa. Alikuwa mbwa mzuri."

Nilirudi ofisini nikaitazama barua.
Sentensi ilikuwa sahihi; kihusishi kilikaa mahali pake.
Nikalifuta jina la Garbutt, nikaandika Bahari,
na sentensi haikulalamika hata kidogo.
Tranmer akacheka, akauliza barua itumwe kwa anwani gani,
akatoza paundi sitini vilevile.

Bi Blenkin aliisoma mara mbili amesimama.
Hakusema neno. Aliikunja, akaitia pochini na ile futi,
akauliza kama mvua itaacha.

Hayo ni ya Machi.
Jana, Jumapili, nilipita kanisani njia ya mkato.
Nyuma ya malisho yake, upande wa magharibi,
ua wa makaburi umekwenda hatua moja ndani,
na vigingi vipya, safi, vimenyooka.
Miche ya kabichi imelala kwa mstari
miguuni pa familia ya Stamper, waliokufa wote kwa homa
kabla babu yangu hajazaliwa,
na ambao, nijuavyo, hawana wakili.